Mwaka Tulioipima Damu ya Awiti

Tarehe tisa Juni mwaka huu tulimpoteza Awiti, mtoto wa dada yangu Rose. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kifua kilikuwa kimembana kwa siku kadhaa na hospitalini walikuwa wamemwekea hewa ya oksijeni. Asubuhi hiyo aliniambia miguu yake ni baridi, nikatoka kwenda kumwombea blanketi la pili. Muuguzi alichelewa kulipata. Niliporudi nalo walikuwa wameshavuta pazia kuzunguka kitanda, na Rose alikuwa amekaa nje ya pazia huku ameshika viatu vya mwanawe, kimoja kila mkono. Sikujua la kufanya na lile blanketi, nikalikunja, nikaendelea kulishika mpaka mtu akanipokonya taratibu.

Matangani, katika ploti ileile ya Kianda, Kibera, alikokulia Awiti, nilikaa jikoni na wanawake tukimenya viazi. Mmoja alisema, “Huyu alikuwa mgonjwa tangu kuzaliwa, hata walijua.” Alisema kama mtu anayetaja kabila au mtaa. Niliendelea kumenya, lakini maneno hayo yalinikaa. Hatukujua tangu kuzaliwa. Tulijua baada ya karibu mwaka mzima wa kuogopa, na kujua kwenyewe hakukutuondolea woga, kulituonyesha tu pa kuuelekeza. Mimi nilikuwepo mwaka huo. Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka nyumbani kuja kumsaidia Rose, na nilifanya kazi katika duka la maziwa Kawangware. Sikusoma kupita darasa la nane. Kwa hiyo nitakayoyasema hapa juu ya damu ni yale niliyoelezwa na yale niliyoyaona kwa macho yangu, na nisipojua nitasema sijui.

Chumba kilikuwa kimoja, cha mabati na udongo, kimegawanywa kwa pazia la kijani. Upande wa ndani kulikuwa na kitanda cha Rose na mumewe Ouma. Upande wa mlangoni kulikuwa na jiko, mitungi ya maji, sufuria zilizopangwa kwenye rafu ambayo Ouma aliichomelea mwenyewe, na godoro langu ambalo mchana lilisimamishwa ukutani. Kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili. Ouma alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza masanduku ya chuma ya wanafunzi na milango ya maduka, na aliporudi jioni nguo zake zilinuka moshi wa chuma. Nilipofika, majirani walikuwa hawajui wamwiteje dada yangu. Kwa miaka miwili walikuwa wamemwita Mama Felix, na Felix alikuwa amefariki. Wengine waliita “Mama Fe…” wakajikatiza katikati, wakamaliza kwa “sasa, umeamkaje?” Felix aliondoka mchana mmoja tu. Asubuhi alikunywa uji, saa sita akawa mweupe midomoni na tumbo limejaa upande wa kushoto, na kabla jua halijatua alikuwa amekwenda. Daktari aliyempokea akiwa amekufa alisema pengine ilikuwa sikoseli, yaani selimundu, lakini hakuna aliyempima. Neno hilo “pengine” ndilo Rose alilolala nalo na kuamka nalo, na alikuwa na mimba ya pili.

Mtoto alizaliwa Januari, msichana. Mama yake Ouma, ambaye sote tulimwita Dani, alikuja kutoka nyumbani na begi la mahindi na samaki wakavu, na neno la kwanza alilosema baada ya kumtazama mtoto ni kwamba huyu lazima atupwe. Kwetu sisi Wajaluo, mtoto anayezaliwa baada ya mwingine kufa hupelekwa mahali pa taka au njiani, akaachwa hapo kama asiye na mwenyewe, kisha mtu asiye wa ukoo anapita na kumwokota. Mama anamnunua kwake kwa kitu kidogo. Basi mtoto si wake tena, ni wa kuokotwa, na kifo kikija kutafuta mtoto wa mama huyo hakimpati. Ndiyo maana tunao akina Owiti na akina Awiti wengi, yaani waliotupwa. Nyumbani jambo hili lina nafasi yake na utulivu wake. Kibera ilibidi lifanyike pale njia ya ploti yetu inapokutana na njia ya kwenda Olympic, kando ya lundo la maganda ya ndizi na majivu, saa watu wakienda kazini. Mwenye ploti wetu, Mama Zuhura, Mnubi ambaye ukoo wake ulikuwa Kibera kabla ya sisi sote, alikubali kuwa mwokotaji. Alitakiwa apite kana kwamba anaenda kununua mkate.

Rose hakuruhusiwa kutoka chumbani. Dani alimlaza mtoto juu ya kanga chini kabisa, akajificha nyuma ya kibanda cha mkaa, na mimi nikawekwa upande wa pili kufukuza mbwa. Mama Zuhura hakutokea. Nilikuwa naona vidole vya mtoto vikitoka kwenye kanga, na nilikuwa nafikiri kwamba Felix aliondoka kwa mchana mmoja, na huyu tumemweka kwenye majivu. Kisha mkokoteni wa maji ukaja ukiteremka, mwenye kuuvuta akipiga kelele, “Kando, kando, kando.” Aliona kanga, akakanyaga udongo kwa visigino vyote viwili mpaka mkokoteni ukasimama.

“Nani ametupa mtoto hapa?” akauliza, huku ameinama.

Dani alitoka nyuma ya mkaa. “Wacha. Usimguse.”

“Ni wako?”

“Si wangu.”

“Ni wa nani basi?”

“Ni wa kuokotwa,” Dani akasema.

“Si ndio naokota, mathe.”

“Si wewe. Kuna mwenye kuokota anakuja.”

Yule mwanamume alimtazama Dani, akanitazama mimi na fimbo yangu ya mbwa, akatazama watu waliokuwa wamesimama kuona. “Hii Kibera,” akasema. “Hata takataka ina booking.” Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa tayari ameufunika mguu wa mtoto kwa pembe ya kanga, na hakuondoka mpaka alipomwona Mama Zuhura anakuja mbio na buibui limemwanguka mabegani, akisema amepitiwa na usingizi baada ya swala. Mama Zuhura alisema “Bismillahi,” akamwinua mtoto, akamleta mlangoni petu na kuuliza kwa sauti kubwa, “Kuna mtu humu anataka mtoto? Mimi nimeokota wangu hapa, sina kazi naye.” Rose akajibu kutoka ndani alivyofundishwa, kwamba yeye hana mtoto na angependa kumnunua. Akatoa pakiti ya chumvi na kipande cha sabuni. Mtoto akaitwa Awiti. Lakini Dani hakula vizuri siku hiyo. Alikuwa ananiuliza mara kwa mara, “Nyathina, mwanangu, yule wa maji alimgusa mguu, au aligusa kanga tu?” Nikamwambia aligusa kanga. Ndivyo nilivyoona, ingawa nilikuwa mbali.

Kila asubuhi nilitembea kutoka Kianda, nikavuka Ngong Road, mpaka Kawangware, katika duka la Mama Njeri. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha maziwa yanapofika, kuyapoza mpaka mkono uvumilie, kuyatia kidogo mala ya jana, yaani maziwa yaliyoganda, kuyafunika, na kesho yake kuyapiga na kuyauza kwa vikombe. Nyuma ya duka kulikuwa na zahanati ndogo, na mtu wa maabara yake, Mwaura, alikuja kila mchana kula mandazi na mala. Alikuwa mwembamba, na alikula haraka kama anayeitwa. Mama Njeri alimtania, “Mwaura, wewe unakunywa mala kila siku na hunenepi, utaniharibia jina.” Naye akajibu, “Mama, mimi nalipia afya ya ng’ombe.” Yeye ndiye niliyemuuliza kuhusu Awiti, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumuuliza. Mtoto alipokuwa na majuma matano tulimpeleka. Mwaura alimdunga kisigino, akachanganya tone la damu na dawa kwenye kioo, akakiacha, akakitazama kwa darubini. Rose alikuwa amesimama. Alikuwa amekataa kiti.

“Haionyeshi,” Mwaura akasema. “Hakuna seli zinazojikunja. Lakini damu ya mtoto mchanga bado ni ile ya tumboni, inaweza kuficha. Mrudisheni akifika miezi sita.”

Nimeyakumbuka maneno yake yote kwa sababu baadaye nililazimika kuyatafuta kichwani. Siku ile hatukubeba nyumbani isipokuwa neno la kwanza. Rose alitembea kutoka Kawangware akilitamka kwa kila anayemjua. Dani alipolisikia aliweka sufuria chini, akapiga makofi mara moja, akasema kwamba mtoto alitupwa akatupika, kwamba yule mtu wa maji aligusa kanga tu. Jumapili ile tulikula samaki wote waliobaki. Dani akarudi nyumbani Machi akiwa na furaha, na miezi sita ilipofika, mwezi wa saba, hakuna aliyesema neno kuhusu kurudi zahanati. Nadhani sote tulikumbuka. Kumrudisha kungekuwa kama kumwambia Mama Zuhura kwamba tunashuku alivyomwokota.

Woga wangu haukwisha. Ulibadilisha mahali tu. Nilikuwa nikimwogesha Awiti na kumtazama ndani ya mdomo, na macho yake niliyapeleka kwenye mwanga wa mlango nione kama yana umanjano. Niliogopa tumbo lake likijaa maziwa. Rose alikuwa akiniona, na siku moja alisema huku akikuna nazi, bila kunitazama, “Pam, ukimtazama hivyo utamfundisha kuugua.” Nikaacha kumtazama Rose akiwepo. Upande wa pili wa pazia, asubuhi kabla hajaenda kazini, Ouma alikuwa akimwimbia mtoto wimbo usio na maneno, akipiga mdundo kwa kijiko juu ya kitanda cha chuma. Nilipika chai nikisikiliza, na hata sauti hiyo iliniogopesha, kwa sababu Rose alikuwa ameniambia kwamba kwa Felix pia aliimba.

Agosti ile ilikuwa ya baridi na mvua nyepesi. Asubuhi moja Awiti alikataa kushika kijiko. Nilifungua mkono wake nikaona vidole vimevimba, vinene, vinang’aa, kila kimoja kama kimepulizwa, na nyayo pia. Alilia kila nilipomgusa. Jirani mmoja alisema ni baridi, tumpake mafuta ya nazi. Mwingine akasema ameumwa na mdudu, ingawa mdudu gani huuma mikono miwili na miguu miwili sijui. Rose alikaa kitandani akaukodolea ukuta macho, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Felix alianza hivi.” Hakuwa ameniambia hilo kabla. Siku ile nilifika kazini nikiwa nimembeba Awiti mgongoni, na Rose nyuma yangu.

Mwaura alimtazama mikono kwa muda mrefu kuliko alivyotazama darubini. Alimpa dawa ya maumivu, akatuambia tumpe maji mengi na kumfunika vizuri. Akafanya kipimo kilekile cha kioo, na safari hii seli zilijikunja. Lakini alisema kipimo hicho hakitoshi. Mtu aliyerithi kasoro hiyo upande mmoja tu, ambaye haumwi kamwe, naye seli zake hujikunja kwenye kioo. Kulikuwa na maabara moja mjini alikosomea, walikuwa na njia ya kuitenganisha damu na kuona kilichomo. Walitaka damu ya mtoto, ya mama na ya baba.

Mchana ule nilishindwa kufanya kazi. Nilichemsha maziwa yakakatika, mabonge juu, maji ya kijani chini. Mama Njeri alikuwa na haki ya kunifokea. Alisema tu, “Sufuria ilikuwa na mala ya jana, hukuiosha.” Mwaura alikuwa amekaa na kikombe chake, na nadhani alitaka kunipa kitu cha kufikiria. Aliniuliza kama najua kwa nini maziwa hukatika. Nikasema kwa sababu ya uchachu. Akasema ndiyo, lakini uchachu unafanya nini? Akanieleza kwamba protini za maziwa zimetengenezwa kwa asidi amino, zimeungana kama shanga kwenye uzi, na baadhi ya shanga hizo zina chaji, nyingine chanya, nyingine hasi. Katika maziwa mabichi chaji hasi ndizo zinazozidi, kwa hiyo protini zinasukumana, kila moja inakaa mbali na mwenzake, ndiyo maana maziwa ni maji. Uchachu ukiongezeka, chaji zinabadilika kidogo kidogo, mpaka inafika kiwango fulani cha uchachu ambapo chanya na hasi zinatoshana kabisa. Hapo protini haina cha kusukuma nacho. Zinashikana, zinaganda. “Na kila protini ina kiwango chake,” akasema. “Kitabuni wanakiita nukta ya isoelektriki. Ya maziwa iko kwenye uchachu. Ya damu iko mahali pengine.” Nilikuwa nimetengeneza mala kwa miezi mingi bila kujua ninachokifanya. Nilimuuliza hilo lina uhusiano gani na Awiti. Akasema, “Ndilo watakalotumia kumpima.”

Ouma alikataa. Nilimsikia upande wa pili wa pazia, Jumapili mchana, mvua ikigonga mabati hivi kwamba walilazimika kupandisha sauti.

“Wampime mtoto. Mimi siumwi.”

“Wamesema baba pia.”

“Kwetu hakuna huo ugonjwa. Mamangu alizaa tisa.”

“Kwa hivyo ni kwetu. Sema tu, Baba Awiti. Sema ni kwetu.”

“Sijasema.”

“Mamako alisema. Alisema kwa mama wa mkaa, na mama wa mkaa ana mdomo.”

Nilikuwa nachagua dagaa wa omena, nikagundua kwamba nimeacha kuchagua. Niliogopa kwamba Ouma angetoka na asirudi, kwani wanaume wa ploti ile walikuwa wameondoka kwa mambo madogo kuliko hayo. Halafu akasema, kwa sauti ya chini hata nikalazimika kuinama, “Karatasi siamini. Alipokufa Felix waliniandikia karatasi. Kama kuna kitu, nataka nikione.”

Mwaura aliomba ruhusa tuonyeshwe, na wakakubali. Tulitoa damu, na baada ya siku kadhaa tukarudi mjini sote wanne, tukiongozana na Mwaura. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya spiriti, na mwanamke aliyevaa koti jeupe alituonyesha kitu kama jeli nyembamba iliyotandazwa juu ya kioo. Mwaura ndiye aliyetafsiri kwa Kiswahili. Jeli hiyo, alisema, ina uchachu upande mmoja, na upande wa pili iko kama maji ya sabuni, na katikati inabadilika polepole. Damu inawekwa, umeme unawashwa. Protini nyekundu ya damu yenye chaji inavutwa na umeme, inatembea ndani ya jeli. Inapofika mahali ambapo chaji zake zinatoshana, umeme hauwezi kuivuta tena.

Ouma, ambaye kazi yake ilikuwa nyaya mbili na moto katikati, aliinama karibu. “Inasimama,” akasema.

“Inasimama hapo hapo. Ukiisukuma mbele inapata chaji ya kurudi. Ukiirudisha nyuma inapata chaji ya kwenda.”

“Na ya mgonjwa?”

“Ya mgonjwa imebadilika shanga moja tu. Ile iliyokuwa na chaji hasi imetoka, imeingia nyingine isiyo na chaji. Kwa hiyo inatoshana mahali tofauti. Inasimama mahali pengine.”

Kwenye jeli kulikuwa na michirizi myekundu, myembamba, kama mistari ya kalamu. Mwanamke wa koti alitumia ncha ya kibiriti kuonyesha. Mstari wa kwanza ulikuwa wa mtu mzima mwenye afya, waliyemweka kwa kulinganisha: mmoja, mnene, mahali pa kawaida. Kisha Rose: miwili, mmoja pale pa kawaida na mmoja umejitenga. Niliuona uso wa dada yangu ukiuangalia ule wa pili. Kisha Ouma. Miwili. Mahali palepale. Ungeweza kuweka rula kutoka kwa Rose hadi kwa Ouma na mistari ingegusana. Mwisho alikuwa Awiti. Pale pa kawaida, ambapo wengine wote walikuwa na kitu, kwake hapakuwa na kitu kabisa. Kulikuwa na mstari wa ile damu ya tumboni ambao Mwaura alisema ungeendelea kupungua, na mbele yake, mahali penye kasoro, mstari mnene mwekundu.

Awiti alikuwa mgongoni kwangu akivuta kitambaa changu cha kichwa. Ouma aliweka kidole juu ya kioo, bila kukigusa, pale palipokuwa na mstari wake wa pili, akakipeleka polepole mpaka kwa mtoto.

“Huu ni wangu,” akasema.

“Nusu ni wako,” Mwaura akasema. “Nusu ni wa mama.”

Ouma alitikisa kichwa kukubali, kama fundi anayekubali kipimo. Tulipotoka nje alimpokea Awiti, akatembea mbele yetu, na nilisikia kwamba analia kwa namna alivyokuwa akivuta pumzi. Rose hakumfuata. Alinishika mkono. Alikuwa ameogopa tangu Felix afe kwamba ndani yake peke yake kuna kitu kinachoua watoto, na sasa ameona mistari miwili iliyolingana. Sijui kama hilo lilimfariji. Aliniambia mwaka huu, baada ya mazishi, kwamba alichofikiria wakati ule ni Felix, kwamba naye angekuwa na mstari kwenye kile kioo kama kuna mtu aliyempima.

Mimi sikupimwa siku hiyo. Nilipimwa miaka mingi baadaye, kabla ya kuolewa, na hilo ni jambo la sura nyingine. Lakini nikifumba macho sasa, ninachokiona kabla ya uso wa Awiti mkubwa, aliyekuwa msusi wa nywele, akicheka na kuwaambia wateja kwamba yeye aliokotwa kwenye takataka, ni ule mstari mwekundu kwenye jeli. Ulikuwa mzuri kutazama. Hilo liliniudhi wakati ule na linaniudhi bado. Nilitarajia kitu kibaya kiwe na sura mbaya, na nilichoonyeshwa ni kitu kilichonyooka kilichosimama mahali pake.

Baada ya hapo tulikuwa na orodha ya mambo ya kuogopa, na kila moja lilikuwa na jambo la kufanya. Homa: usingoje, mpeleke. Tumbo kujaa upande wa kushoto: mpeleke. Zahanatini wakatufundisha kuupapasa wengu kwa vidole, na Ouma, mwenye mikono migumu ya chuma, alijifunza kuliko sisi sote. Aliipasha joto mikono kwenye jiko kwanza. Kila siku vidonge, vilivyosagwa kati ya vijiko viwili. Maji, maji, maji, kwa sababu damu ikikauka zile seli hujikunja na kuziba. Dani alipoletewa habari hakujibu. Mama Zuhura alikuja kukaa mlangoni akasema, “Mimi niliokota nilivyoweza,” na Rose akamwambia, “Najua, mama. Kaa unywe chai.”

Novemba mvua ilifurika mitaro, na kuhara kukaingia katika ploti. Watoto wote waliugua. Wengine waliugua wakapona wakicheza. Awiti alianza asubuhi, na kufikia saa nne macho yake yalikuwa yamezama na mdomo umekauka. Nilimbana ngozi ya tumbo kama tulivyofundishwa, ikabaki imesimama. Nilimpa maji ya chumvi na sukari, akayatapika. Rose alikwenda kumwita Ouma kwenye karakana, na alikuja bado amevaa miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso. Alimtia mtoto ndani ya koti lake akafunga vifungo, tukakimbia mpaka barabarani, na pale mlangoni pa hospitali alipoulizwa shida ni nini alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Huyu ni sikoseli. Tumempima. Hana mstari wa kawaida.” Muuguzi hakuelewa habari za mstari, lakini la kwanza alilielewa, na akatupitisha mbele ya watu waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi.

Walihangaika kupata mshipa. Walijaribu mkono, wakajaribu mguu, wakaupata kichwani. Chupa ya maji ikatundikwa. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye kikohozi, alisema figo za watoto hawa ndizo anazoziogopa, na kwamba hatasema kitu chochote mpaka mtoto akojoe. Tukakaa. Rose alikuwa chini, mgongo kwenye ukuta. Mimi nilitazama matone. Nilikuwa nafikiri juu ya ule mchana wa Felix, ambao sikuuona, na nilikuwa nauona. Awiti hakulia, na hilo lilikuwa baya kuliko kulia. Ouma alikuwa amempakata, akibonyeza kwa upole chini ya mbavu za kushoto kila baada ya muda, kisha akirudisha mkono. Chupa ikaisha, wakatundika nyingine. Wanawake wa kitanda cha pili walifungua ugali wao kwenye karatasi, wakatumegea kipande, hatukukigusa. Mmoja wao aliuliza mtoto anaitwa nani. Ouma akamwambia. Yule mwanamke, Mjaluo kama sisi, alielewa jina lile lina maana gani.

Jua lilikuwa limefika kwenye dirisha la upande wa pili Ouma alipokaa wima ghafla. Alitazama chini. Suruali yake ya kazi ilikuwa na doa jeusi linalopanuka pajani, na matone yalikuwa yakianguka sakafuni kutoka pembeni mwa kiti. Hakusogea. Alimwita muuguzi kwa mkono, taratibu, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

“Amekojoa,” akasema.

Muuguzi alikuja, akainama akatazama sakafu, akagusa suruali ya Ouma kwa nyuma ya vidole. “Amekojoa vizuri,” akasema. Akataka kumpa kitambaa ajipanguse. Ouma akakataa kwa kichwa, akaendelea kukaa na ile suruali iliyolowa, na Awiti akafungua macho akaanza kulia.